Karamu ya Haki ya Kupumzika

Nilifanya kazi miaka mitatu katika wakfu wa familia moja ya ng'ambo, kwenye ofisi yao ya Kigali. Babu yao alitajirika kwa kutengeneza maboksi. Wajukuu wakaamua mali hiyo isaidie wanyonge: wanawake wanaodai ardhi yao, vijana wenye ulemavu, wafanyakazi wa nyumbani. Mimi nilizaliwa Karagwe, kwa wazazi wakimbizi, nikarudi Rwanda kijana na Kiswahili changu na Kiingereza cha shule. Kazi yangu kubwa ikawa kuwafanya watu waelewane. Niliipenda. Nasema hivyo mapema ili ijulikane kwamba hasira hii si ya mtu aliyefukuzwa.

Mkuu wetu alikuwa mmoja wa wale wajukuu, mwanamke mchangamfu aliyepanda pikipiki kama sisi na kujua salamu zote za Kinyarwanda. Chama alichokipenda kuliko vyote kilikuwa cha wafanyakazi wa nyumbani, waliokutana Jumapili alasiri katika chumba nyuma ya duka la mshonaji, huko Rwezamenyo. Mwenyekiti wao alikuwa mama wa makamo aliyefua na kupika katika nyumba za watu tangu utotoni. Kiingereza hakujua, wala hakuona haya kutokijua.

Shangazi wa mkuu, aliyeongoza bodi, alipokuja kututembelea, iliandaliwa karamu ya mchana nyumbani kwa mkuu. Siku ya Jumapili. Mada ilikuwa haki ya mfanyakazi wa nyumbani kupata siku moja ya kupumzika kila wiki.

Nilikwenda jikoni kuomba maji. Mpishi, dada aliyekulia Bujumbura, alikuwa akikaanga ndizi, amenipa mgongo. Tulizoea kuongea Kiswahili.

"Dada, habari ya Jumapili?"

Hakugeuka. "Leo mtoto wangu iko anapata komunyo ya kwanza. Saa hii wanatoka kanisani."

"Na wewe uko hapa?"

"Niliomba ruhusa tangu mwezi uliopita. Madamu akasema sawa. Juzi akaniambia kuna wageni, nivumilie, atanipa siku ingine." Akageuza ndizi. "Komunyo ya kwanza iko na siku ingine?"

Nilichukua maji nikarudi mezani. Nataka niandike kama ilivyokuwa: nilirudi, nikaketi, nikala. Shangazi akasimama akahutubia juu ya utu wa wanaotuhudumia, na alihutubia vizuri, huku mpishi akizunguka nyuma ya viti na bakuli la saladi.

Nilikuwa nimekaa na mwenyekiti wa chama, aliyealikwa pia, nikimtafsiria. Bakuli lilipotufikia, akamwuliza mpishi kwa Kinyarwanda, kama anavyomwuliza kila mfanyakazi anayekutana naye, iwapo Jumapili ijayo anaweza kuja Rwezamenyo. Wakanong'onezana. Nikaona uso wa mwenyekiti ukibadilika. Akaweka uma chini.

"Waambie hivi," akaniambia. "Mtoto wa huyu mama amepata komunyo leo bila mama yake, kwa sababu sisi tulitakiwa kula. Waulize, hapa tunasherehekea nini?"

Meza nzima ilinitazama. Nikatabasamu, nikasema kwa Kiingereza: "Anashukuru kwa chakula. Anasema mpishi ni mama mwenye moyo."

Mkuu akapiga makofi. Wote wakapiga makofi.

Mwenyekiti hakuhitaji Kiingereza kuelewa nilichofanya. Maneno aliyosema hayapigiwi makofi. "Mwanangu," akasema taratibu, "sema nilichosema. Ukishindwa, nyamaza, nitawaeleza kwa vidole."

Nikasema. Neno kwa neno.

Mkuu akawa mwekundu. "Hakuniambia ni jambo kubwa hivyo," akasema. Kisha: "Yeye ni kama dada yetu hapa nyumbani." Kisha: "Anaweza kwenda. Bila shaka anaweza kwenda. Siku zote angeweza."

Siku zote angeweza! Maneno hayo yananichoma hadi leo. Aliomba, akakubaliwa, akanyang'anywa, halafu mbele ya wageni ikawa kosa lake kutojua kwamba yuko huru. Na shangazi, aliyetoka kutueleza habari za utu, alikuwa akikunja kitambaa chake cha mezani, akikikunjua, akikikunja tena.

Nilimpeleka mpishi kwake Kimironko kwa teksi. Njia nzima alikuwa akikung'uta unga kwenye sketi. Tulipofika, picha zilikwishapigwa. Mtoto alikwishavuliwa gauni jeupe, anacheza uani na wenzake. Akamkimbilia mama yake, akamwuliza kama amemletea soda. Mama akacheka. Mimi ndiye niliyelia, na kilio changu hakikumsaidia mtu.

Mpishi alipewa Jumapili zake. Baada ya majuma machache akaambiwa, kwa upole mwingi na kwa barua nzuri ya kumsifu, kwamba nyumba haihitaji tena mpishi. Kisha mkuu akaniita ofisini. Alitaka nikiandikie chama cha Rwezamenyo kwamba mwelekeo wa wakfu umebadilika, hatutaendelea nao, tunawatakia mema.

"Mwelekeo umebadilika lini?" nikamwuliza.

"Ni uamuzi wa bodi."

"Tangu ile Jumapili?"

"Tafadhali, usilifanye hili kuwa jambo la binafsi."

Mtu amekosa komunyo ya mwanawe, amepoteza kazi, chama chake kinakatiwa msaada kwa sababu mwenyekiti alisema kweli mezani, halafu mimi ndiye ninayeleta mambo ya binafsi. Nilimwambia barua aiandike mwenyewe, kwa Kinyarwanda, kwa kuwa salamu tayari anazijua. Nikaacha kazi siku hiyohiyo.

Chama hakikufa. Mshonaji aliwaachia chumba kile bure. Mpishi alipata kazi katika kantini ya shule, na Jumapili ndiye anayewapokea wanawake wapya na kusikiliza malalamiko yao. Mimi huwaandikia barua, na sipunguzi neno.

Mwaka jana nilikutana na mkuu soko la Kimironko, akichagua vitenge. Alinikumbatia kabla sijaamua kama nataka.

"Bado umekasirika?" akaniuliza, akicheka kidogo.

"Ndiyo," nikasema.