Bunduki ya Upepo ya Mzee Koech

Siku yangu ya kwanza karakanani, Nakuru mjini, Fundi Mkuu hakunipa hata bisibisi. Alinipa ufito mwembamba wa shaba na kunionyesha mfuko wa mchanga. Kila bunduki iliyoletwa, kazi yangu ilikuwa kuielekeza kwenye mchanga, kusimama kando, na kupitisha ufito ndani ya mtutu kuona kama kuna kitu.

"Hata mwenyewe akiapa ni tupu, wewe pima," alisema. "Hapa hatuaminiani."

Nilikuwa mwanamke pekee pale, na mafundi wengine walingoja nichoke. Sikuchoka. Fundi Mkuu, Mzee Koech, akanifundisha bunduki za upepo, zile ambazo wakulima wenye leseni walizitumia kufukuza nyani mahindini. Hazina baruti. Unavuta mkono wa pampu mara kadhaa, hewa inashindiliwa kwenye chumba kidogo cha chuma, na pete za raba tunazoziita sili zinaizuia isitoke. Sili zikikauka, nguvu inaisha.

Baadaye nilipelekwa tawi la Gilgil, chini ya Meneja aliyependa makaratasi kuliko vyuma. Mzee Koech alipostaafu nikarudi Nakuru kushika nafasi yake. Nami nilipostaafu, nilibaki na leseni yangu ya ufundi na meza ndogo nyuma ya nyumba yetu, Bondeni.

Mwaka jana Mzee Koech alikuja kwenye meza hiyo. Mwanawe alimleta na pikapu kutoka shambani, wajukuu watatu wakiwa kiti cha nyuma, akamwacha Mzee hapo na bunduki yake, na kuwapeleka watoto sokoni. Ilikuwa bunduki ya pampu ya zamani, kitako chake cha mti kimekolea jasho la mikono ya miaka mingi. Mzee aliitoa kwenye gunia.

"Sili zimekufa, Nyambura. Nibadilishie," alisema. "Nimeipima mwenyewe asubuhi. Haina kitu."

Mume wangu alikuwa ameketi mbele ya meza na chai yake. Nilikuwa nimeshaichukua bunduki, na mdomo wa mtutu ulikuwa unapita usawa wa magoti yake. Nikasita. Kupima mbele ya Mzee ilikuwa kama kumwambia ni mwongo, naye ndiye aliyenifundisha kazi.

"Baba Wairimu, hebu songa huku nyuma yangu," nilimwambia mume wangu.

Niliielekeza kwenye mfuko wa mchanga niliouweka kando ya meza, nikaingiza ufito. Uligota mapema, karibu upana wa kiganja kabla ya kufika mwisho. Nikautoa polepole. Kulikuwa na risasi ndani.

Mzee aliona.

Niliibana kwenye jiliwa la mezani, mtutu ukielekea mchangani, na kubonyeza kifyatulio. Kimya. Nyundo ndogo ya ndani ilikuwa imevutwa ikagandiwa na grisi ya zamani, na sikujua kama sili zilikuwa bado zimeshika hewa. Mgongano wowote ungeweza kuiachilia. Nilidondosha mafuta mepesi, nikawaambia wote wawili warudi mlangoni, nikangoja. Mume wangu aliniita kwa jina langu la utotoni, jambo ambalo halifanyi mbele ya watu. Nikagonga ubavuni na nyundo ya mti, mara moja, mara mbili.

Ya tatu ikalia. Mfuko uliruka, mchanga ukamwagika sakafuni.

Mzee Koech aliketi kwenye ngazi. Akasema, "Nilikuwa nimeipakata. Wajukuu walikuwa nyuma yangu njia nzima."

"Haikumpata mtu, Mzee."

"Nakumbuka nikiipima, Nyambura. Naona kabisa ufito ukiingia. Sasa sijui ninayokumbuka ni ya leo ama ya mwaka gani."

Nikaanza kazi, kwa sababu kazi niliijua. Nilifungua mrija, nikatoa sili zilizokuwa ngumu kama kucha, nikasafisha chumba cha hewa, nikavisha mpya na kuzipaka mafuta. Nikapampu bila risasi, nikangoja nusu saa, nikafyatua mchangani. Hewa ilikuwa imeshika yote.

"Imepona," nilimwambia.

"Usinirudishie. Nipeleke polisi nikaisalimishe."

Tulienda sote watatu, Mzee akitembea katikati yangu na mume wangu.

Tangu siku hiyo nimefikiria sana kuhusu kustaafu. Wengi wetu huacha cheo na kubaki na vifaa, tukidhani mikono haitasahau. Mzee alikuwa fundi bora kuliko mimi, na hakuna aliyethubutu kumpima.

Mwezi uliopita nilipeleka leseni yangu ya ufundi ifutwe. Afisa kijana aliipindua, akanitazama.

"Mathe, unaumwa? Mikono imeanza kusumbua?"

"Hapana," nilimjibu. "Iko sawa kabisa. Ndiyo maana nimekuja leo."