Tanga Nililolishona Mimi

Harufu ya viroba vya mbolea vilivyofuliwa na kuanikwa juani inaniudhi mpaka leo. Nikiipata hapa Makambako, kwenye kibanda changu cha ushonaji, narudi moja kwa moja Matembwe, likizo ile tulipomaliza darasa la saba, nimeinamia cherehani ya mama huku rafiki zangu Tumaini na Upendo wakinishikia viroba visiteleze. Baba mdogo wa Tumaini aliishi Lupingu, kule chini Ziwa Nyasa, na tanga la mashua yake lilikuwa limechanika. Alituahidi kwamba tukimpelekea tanga jipya atatutembeza mwambao, kijiji kwa kijiji, tule samaki mpaka tuwakinai. Sisi watoto wa baridi na ukungu, ziwa tulikuwa tunalisikia tu. Basi nikashona kwa moyo wangu wote. Viroba vilipopungua pembeni nikakata kipande cha kanga nyekundu ya mama iliyochakaa, nikatia kiraka, nikawaambia wenzangu kwamba hata tukiwa mbali watu watatujua.

Wiki ya kuondoka mama akajifungua mdogo wangu kabla ya siku zake. Baba hakuzungusha maneno. "Huendi popote. Mama yako yuko kitandani, chai imechipua shamba zima, nani atachuma? Lori la kiwanda halimsubiri mtu." Nililia, nikanuna, nikasusa ugali, wapi! Wenzangu wakaondoka na tanga langu limekunjwa chini ya kwapa la Tumaini, mimi nikabaki na kikapu mgongoni, vidole vimekufa ganzi kwa umande, nikiwaombea mvua ya mawe. Walirudi weusi kwa jua, wana vicheko vyao wenyewe. Mmoja akianza tu kusema, "Unakumbuka lile wimbi..." mwingine keshaanguka chini kwa kucheka, halafu wananigeukia: "Ungekuwepo!" Loo, neno hilo nililichukia! Wivu ulinikaba hata kanisani nilikaa benchi jingine. Nilipouliza habari za tanga, waliniambia lilishika upepo vizuri ajabu, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Juzi wote wawili walikuja kunitembelea, watu wazima wenye wajukuu. Tukaamkiana kwa kikwetu, kamwene, kamwene, tukakumbatiana, nikapika. Tumaini hajamaliza hata chai, akaanza kuwasimulia wanangu. "Mama yenu huyu mnamwona? Wimbi la kwanza tu, kanikumbatia shingo, anaita Yesu wangu, Yesu wangu!" Nikasema, "Mimi sikuwepo, nilikuwa nachuma chai." Wakacheka mpaka machozi. Upendo akanipiga begani: "Acha utani wako. Tanga alilishona nani?" Miaka yote hiyo nimewaonea wivu, wao hata hawakujua kwamba waliniacha. Na nilivyowasikiliza, nikaanza kumwonea wivu huyo msichana wa kwenye hadithi yao, aliyelowa maji, aliyekula samaki na kupiga kelele, ilhali ana jina langu. Wanangu walikuwa wananitazama kama hawajawahi kuniona. Utamu wa kutazamwa hivyo, mtu asikudanganye, ni mkubwa.

Basi binti yangu mdogo akaniuliza, "Mama, maji ya ziwa yalikuwaje?" Nikaona kwa nini nisipande na mimi hiyo mashua, walau mara moja. Nikajikunyata kidogo, nikamjibu, "Baridi, mwanangu! Meno yalikuwa yanagongana."

Tumaini akaweka kikombe chini. "Baridi? Kule Lupingu? Maji yale si yalikuwa ya uvuguvugu, tukakataa kutoka mpaka baba mdogo akatufokea?" Akamgeukia Upendo, na Upendo akanitazama mimi kwa muda mrefu, kicheko kikimwisha taratibu usoni.

"Kumbe kweli," akasema. "Hukuwepo."

Nikainuka kwenda kuongeza chai, na roho iliniuma vilevile kama siku ile ya kikapu.