Vitabu vya Kijapani Alivyovijalidi Baba

Vitabu vyangu vya Kijapani nilivipata kwa mfanyabiashara wa vitambaa aliyekuwa akifunga duka lake hapa Tabora, miaka michache baada ya Uhuru. Zamani aliagiza kanga kutoka Japani, na wakala wake akawa anamletea vitabu vya picha kama zawadi. Kwake yeye vilikuwa takataka. "Chukua, mwalimu, wakachezee watoto," aliniambia. Vilikuwa vitano, pamoja na picha saba za karatasi moja moja, zote zimepigwa chapa kwa vibao vya mbao vilivyochongwa kwa mkono, kila rangi na kibao chake. Hayo niliyasoma shuleni kwetu katika kitabu kimoja kikubwa, na kwa kuyajua tu nikajiona bwana mkubwa.

Basi nikashikwa. Nilimwandikia kila niliyemfahamu aliyewahi kuuza nguo kwenye njia ya reli, kuanzia Tura hadi Kigoma, nikiuliza kama ana karatasi yoyote ya Kijapani. Kitabu cha sita nilikipata Ujiji, kwa mama mmoja aliyekuwa akikifunikia mtungi wa maji. Walimu wenzangu walinicheka, nami nikawaona washamba.

Baba yangu alikuwa fundi wa kujalidi misahafu. Watu walimletea juzuu zilizochanika, naye akazishona, akazikata kingo, akazivisha ngozi. Vitabu vyangu sikuwahi kumwonyesha. Ukweli ni kwamba nilimdharau. Alisoma chuo cha Kurani tu, herufi za Kizungu hazijui, na mimi nilikuwa mwalimu wa serikali mwenye kalamu ya wino mfukoni.

Kisha nikahamishiwa shule ya kijiji kipya cha ujamaa, upande wa Urambo. Nyumba niliyopewa ilikuwa ya miti na nyasi, na mchwa walikuwa wamenitangulia kuhamia. Nikaviacha vitabu na zile picha nyumbani katika sanduku la bati na kumwambia Baba avitunze. Sikumweleza zaidi ya hapo. Baada ya miezi miwili nikaandika barua, jirani akamsomea. Nililalamika kwamba madaftari hayaji, watoto wanaandika mchangani, na mimi mwenyewe sina karatasi ya kuandalia masomo.

Likizo ilipofika nilirudi nyumbani.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu. Kaa hapo. Kuna kazi yako nimeimaliza."

Akaniwekea mapajani vitabu sita vilivyovishwa ngozi nyekundu, nami nikakifungua cha juu.

Vitabu vile vya Kijapani karatasi yake ni nyembamba mno, hupigwa chapa upande mmoja tu. Kisha kila karatasi hukunjwa, mkunjo ukabaki nje na ncha zikashonwa ndani, hivyo kila ukurasa unakuwa wa matabaka mawili, na weupe wake umefichwa katikati. Baba alikuwa amepitisha kisu katika kila mkunjo.

"Huyu fundi wao alikuwa mvivu," alisema, uso umemchangamka. "Kushona kashona vizuri, lakini kurasa kaziacha zimefumba. Nimezifungua zote. Ona, ndani mlikuwa na karatasi safi, haijaguswa na mtu. Utaandikia masomo yako."

Kingo alizisawazisha pande tatu, na wanawake wenye miavuli wakapotewa na miavuli yao. Zile picha saba, sita alikuwa amezikata katikati na kuzibandika ndani ya majalada kwa gundi ya unga wa muhogo, nusu mbele, nusu nyuma, kama alivyozoea kubandika karatasi za rangi kwenye misahafu ya matajiri. Ya saba aliikata vipande vya kuimarishia migongo.

"Na nambari ulizoandika kwa penseli kwenye kurasa nimezifuta," aliendelea. "Ulianzia mwisho, mwanangu. Kitabu hiki kinafunguliwa kutoka kulia, kama msahafu."

Miaka miwili mizima nilikuwa nikivisoma kinyumenyume. Yule msafiri niliyempenda katika picha za kitabu kimoja, niliyedhani anaondoka kwao, kumbe alikuwa anarudi. Baba aliliona hilo siku ya kwanza tu. Hata hilo sikumshukuru.

Nilisimama pale barazani, majirani wakisikia, nikapiga kelele. "Umeviharibu! Nani alikutuma? Umri wote huo unakata karatasi na karatasi huijui! Kazi yenyewe hii ni ya watu wasiojua kusoma!"

Baba alinitazama usoni, kisha akaangalia chini.

"Nilidhani umeishiwa karatasi," alisema.

Kesho yake nikapanda treni ya Urambo kabla ya likizo kwisha. Radhi sikuomba. Kila wiki nilijiambia nitaandika, na kila wiki nikamkumbuka jirani atakayemsomea, nikaona aibu. Jirani huyohuyo alinisikia nikimtukana, na hapo sikuona aibu yoyote.

Nilirudi tena siku chache kabla ya Ramadhani, wakati ambao miaka yote baraza letu lilijaa misahafu ya kutengenezwa. Safari hii lilikuwa tupu, na sanduku la visu limefungwa. Mama alisema watu wanakuja na kurudishwa. Jioni hiyo akaja ustadhi wa madrasa na juzuu iliyoachana mgongo, akamwomba Baba aishone, maana watoto wataihitaji.

Baba hakuipokea.

"Mwonyeshe kwanza mwanangu," alisema. "Karatasi anazijua yeye. Mimi huwa naharibu."

Nilimtazama usoni nikitafuta kejeli, ili na mimi nipate cha kukasirikia. Haikuwepo. Alikuwa ameniamini. Ustadhi akanigeukia na kuninyooshea ile juzuu, akisubiri nimwambie la kufanya.