Nailoni Niliyokataa Itolewe

Ndugu zangu, mkosaji ni mimi. Sitaki kuremba wala kumsingizia shetani. Nilimchafulia jina mtu aliyeniita dada tangu tukiwa wadogo, na mpaka leo sijui yuko wapi.

Nina steshenari ndogo hapa Nyaishozi. Natoa fotokopi, nachapa barua, nawajazia watu fomu mtandaoni. Kompyuta yangu ya zamani ilipokufa nikajitia ujuaji, nikasema nitaunda mpya mwenyewe kwa kufuata video za kwenye simu!

Vifaa alikwenda kunichukulia Mwanza mtu nitakayemwita Evariste. Wazazi wake walitoka Burundi, wakafariki akiwa mdogo, akalelewa kwetu. Baba alimkatia kipande cha shamba, akapanda migomba na kahawa yake, akajenga, akaoa hapo hapo.

Tuliiunga kompyuta pamoja. Tukafika kwenye ile feni yenye bamba la chuma, inayokaa juu ya prosesa, ule ubongo wa kompyuta, kuipoza. Chini ya bamba palikuwa na nailoni. Evariste akauliza, "Dada, hii hatuitoi?"

Nikampiga kofi mkononi. "Wee! Kitu kipya unakivua nailoni? Unataka kiingie vumbi?"

Si mnajua kwetu! Rimoti ya nyumbani ina nailoni yake huu mwaka wa nne. Makochi ya mama hayajavuliwa tangu yanunuliwe.

Tukawasha. Ikawaka, nikapiga kigelegele! Dakika mbili tu, zii, imezima. Tukawasha tena, feni ikavuma kama mashine ya kukoboa kahawa, zii! Siku nne nzima. Nikachomoa kila waya nikarudisha, nikapangusa kadi za memori, nikaazima waya wa umeme kanisani. Wapi! Wateja wakaanza kunihama, nikachanganyikiwa kabisa.

Basi nikaenda kwa baba. Evariste alikuwa ndiyo kwanza anatoka shambani na mkungu begani. Sikujali. Nikasema mbele yake kwamba ameuza vifaa vizima huko Mwanza, akaniletea vibovu. Nikaongeza, "Mtu wa kuja ni wa kuja tu!" Yamawe, mdomo wangu huu!

Akautua mkungu chini taratibu. "Dada, mimi?" Baba akapandwa na hasira, akamwambia Evariste atoke kwenye shamba alilomkatia.

Asubuhi yake mlango wake ulikuwa wazi. Yeye, mke na mtoto, hawapo. Mtu mmoja alisema amewaona Kimuli wakitafuta kibarua. Nimekwenda Kimuli mara tatu, nimeuliza nyumba kwa nyumba, hakuna. Simu yake haipatikani.

Wiki iliyofuata nikaipeleka kompyuta kwa fundi mmoja mjini Kayanga. Akaifungua, akainua ile feni, akacheka mpaka akashika kiuno. Nailoni ilikuwa imejikunja kwa joto.

"Nailoni inazuia joto lisitoke, prosesa inachemka, kompyuta inajizima isiungue," akasema. "Nani aliiacha hii humu?"

Jamani! Nilitamani ardhi ipasuke.

Nilimweleza baba ukweli wote. Hakunitukana. Lakini tangu siku hiyo nikimpa shikamoo anatazama migomba, haitikii. Mimi mtoto wake wa kuzaa!

Na nikubali lililo baya zaidi, maana ndilo linaloninyima usingizi. Nilijua Evariste hana mjomba wala kaka wa kuja kumtetea. Ndiyo maana nilithubutu. Angekuwa mtoto wa jirani, ningeanza kwa kumuuliza.

Evariste, ukisoma haya, rudi. Mlango wako nimeufunga mvua isiingie, na kahawa yako nimeianika. Njoo unitukane mbele ya watu wote, nitapiga magoti.

Nanyi mnaosoma, nawaomba, msimwite mtu mwizi kabla hamjakagua kazi ya mikono yenu. Mimi nilikagua nikiwa nimeshachelewa.

Haya nayachapa kwenye kompyuta ile ile. Imewaka tangu asubuhi, haijazima hata mara moja.