Viza na Jina la Baba Mkwe

Watu wakisikia niliwahi kuomba viza ya masomo wanadhani kilichonisumbua ni Kiingereza. Kiingereza nilikuwa nacho, cha fomu foo, kibovu lakini kinatembea. Aliyetaka kunikosesha viza ni baba mkwe wangu, na yeye ndiye aliyeitaka hiyo viza kuliko mimi mwenyewe.

Kwa wasiojua: kwetu Unyakyusa mkamwana haonani na baba mkwe. Akipita, unajifunika kanga unaingia migombani. Huli naye, humpi mkono, humwangalii usoni, na jina lake hulitamki. Hata kama kuna mwenye duka anayeitwa hivyohivyo, utasema unakwenda kwa yule mwenye duka la pembeni. Nilimaliza sekondari nikijiona hayo nimeshayapita. Nikaolewa Ipinda, na wiki ya kwanza tu nikajikuta nimechutama nyuma ya banda la nguruwe kwa sababu mzee anakwenda kunywa chai. Cheti changu cha kidato cha nne kilikuwa sandukuni, hakikuja kunisaidia.

Mume wangu alikuwa Tunduma akiuza mitumba. Niseme vizuri: alikuwa Tunduma. Mitumba tuliisikia tu. Nyumbani tulibaki mimi, mwanangu wa miaka miwili, mama mkwe na mzee. Ilikuwa ile miaka ya soko huria, wanunuzi binafsi wanaingia na mizani zao mpaka Makwale wakigombania kakao. Mzee alikuwa na shamba la kakao tangu enzi za ushirika, enzi ambazo kakao ilikuwa inakuzeesha bure. Ghafla akawa mtu wa maana, mwenye redio kubwa na maoni juu ya kila kitu.

Nafasi ya chuo ililetwa na kanisa. Uuguzi, ng'ambo, ada wanalipa wao, nauli na mdhamini ujitafutie. Nikajua imekwisha hiyo. Asubuhi moja niko jikoni, namsikia mzee uani akiongea na mwanangu.

"Mwambie mama yako akatafute pasipoti. Nauli ipo."

Mtoto alikuwa anakula ndizi. Maneno aliyoyajua yalikuwa "maji" na "sitaki". Nikajibu kupitia kwake hivyohivyo, nikiwa nimeupa ua mgongo: amwambie babu nashukuru sana, ila yeye mtoto atabaki na nani. Mzee akamwambia mtoto aniulize kama nadhani babu yake anahama. Ndivyo tulivyopanga safari nzima, pasipoti, picha, cheti cha kuzaliwa, mtoto akiwa katikati kama simu ya upepo, anaondoka zake kabla hatujamaliza.

Majirani wakasema namtupa mtoto. Wanaume wa kwetu Kyela wamekwenda migodini kusini wakaacha watoto hawajaota hata jino, wamerudi na masanduku ya bati wakapokelewa kwa vigelegele. Mimi kwenda kujifunza kuzalisha watu nikawa mhuni. Nilitamani kuwatukana. Niliwatukana.

Ubalozini hawakuiamini barua ya mkulima, wakataka mdhamini aje mwenyewe na mwombaji. Mzee akapanda basi la kwanza, mimi nikapanda la nyuma yake, mpaka Dar es Salaam. Chumba cha kungojea kilijaa vijana wenye tai, wamenyooka kama wanakuja kuposa. Mzee akakaa mstari wa mbele, uso ukutani. Mimi nikajibana nyuma ya chungu cha maua, kanga kichwani. Jirani yangu akasogeza kiti pembeni, nafikiri alidhani nina kitu cha kuambukiza.

Wakatuita wote wawili, dirisha moja. Ndani ya dirisha kulikuwa na mzungu, na karani wa kike mwenye Kiswahili cha Pwani. Mzee akasimama kushoto akikodolea saa ya ukutani. Mimi kulia, nimegeuka nusu. Mzungu akauliza mdhamini wangu ni nani. Nikasema baba wa mume wangu. Jina lake?

Nikafungua mdomo. Hakikutoka kitu.

Sikuwa nimelisahau, lilikuwa limeandikwa mbele ya huyo mzungu. Wala sikuogopa mizimu. Ulimi uligoma tu, kama mkono unavyogoma ukiuambia ushike kaa la moto. Mzungu akamwambia karani, akidhani sielewi, kwamba ama huyu mwanamke hamjui huyu mzee ama anamwogopa, pengine ananunuliwa.

"Dada, huyu mzee anakupiga?" karani akauliza.

"Hajawahi hata kuniangalia."

Hapo nikawa nimeharibu zaidi. Karani akashangaa ni mkwe gani asiyetajwa jina, maana kwao mkwe ni mzazi, wanakula naye sinia moja. Nikamwambia hayo ni ya huko kwao. Nikajaribu kumweleza mzungu kwa Kiingereza changu, ikatoka kwamba mimi na mzee tumekatazwa kuonana. Akafunga faili. Akasema nitaje jina sasa hivi, la sivyo nirudi nyumbani.

Nikapandwa na hasira, na mpaka leo sijui ilikuwa ya nani. Ya mzungu, ya wazee wetu wote waliokufa, ya mume wangu, ambaye angekuwa mtu angekuwa ndiye aliyesimama pale.

Mzee akakohoa. Macho kwenye saa, akamwambia karani, "Mama, mwambie mama wa mjukuu wangu alitaje tu. Mimi sikio la upande huo halisikii vizuri."

Mzee huyo anasikia kakao ikidondoka shamba la jirani.

Nikalitaja. Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka, vijana wenye tai wakageuka. Mzungu hakutosheka, akataka nimwangalie mzee na kumwonyesha kwa kidole. Nikamwangalia. Alikuwa amelowa jasho juu ya pua tu, palepale mwanangu anapotoka jasho akila. Miaka miwili nimemwogesha mtoto yule, sikujua naosha pua ya nani.

Mzungu akauliza kwa Kiingereza mtoto atabaki na nani. Kabla karani hajatafsiri mzee akajibu, "Mimi." Kumbe Kiingereza alikuwa anakisikia. Basi na lile la kununuliwa alilisikia.

Viza ilitoka. Tuliporudi, mama mkwe akanijia jikoni na ungo wa mchele, akauliza kule dirishani tulifanyaje, maana alisikia wazungu wanapenda majina. Nikamwambia karani alilisoma mwenyewe kwenye karatasi, mimi nikaitikia kwa kichwa.

Akaokota kijiwe kwenye mchele, akakitupa.

"Mzee naye kanieleza hivyohivyo," akasema. "Karani, karatasi, kichwa."

Mimi na mzee hatukuwa tumepangana. Tungepangana saa ngapi?