Chungu kimoja cha papa kwenye skuli ya mafundi, Matrah

Wakuu, salamu kwenu nyote, wa Maskati, wa Unguja na wa bara.

Mwaka nnaousimulia ni ule tulioanza kula nanasi la kopo. Wa umri wangu washajua, ni 1970. Kabla ya hapo, toka tulivyotoka Unguja 1964, chakula chetu Maskati kilikuwa tende asubuhi, papa mkavu mchana, na usiku zile zile tende zilizobaki. Halafu serikali ikabadilika, meli zikaja, maduka yakajaa makopo. Mama yangu alifungua kopo la kwanza, akaonja, akatema.

"Nanasi hili lilikufa zamani," akasema.

Mie nikalila lote.

Skuli sikwenda sana, kwa hiyo maandishi yangu mtayavumilia. Lakini uongo humu hamuupati. Mdogo wangu Nassor yuko hai, anakaa hapa hapa Sib, nyumba ya tatu kutoka kwangu, na mdomo anao kunishinda. Nikitia chumvi atakuja kunisuta mbele yenu.

Na huyo Nassor ndiye aliyenitia kwenye habari hii.

Unguja alisoma vizuri, Kiingereza anacho. Maskati hakuna kazi. Miaka yote ile alikuwa hamali bandarini Matrah, anabeba magunia ya watu. Kiarabu chake kilikuwa cha kuombea maji tu. Wenzake walishakwenda Kuwait na Bahreni, na wengine mama zao walikufa wakiwa hawajawaona tena. Mama kila akimwona Nassor anakunja nguo zake, homa inampanda.

Basi serikali mpya ikataka mafundi. Umeme, mbao, mabomba, kila kitu kilikuwa kinataka mtu, na vijana wenye nguvu wote wako nje. Pakafunguliwa pahala pa kuwafundisha, banda la mabati nyuma ya Matrah, zamani lilikuwa ghala la mchele. Msimamizi ni Bwana Khalfan, Muomani aliyejifunza umeme Bahreni, mtu wa haraka, anatembea kama anafukuzwa.

Nassor akaingia kwenye umeme. Mie nikaingia jikoni. Hakuna aliyeniuliza kama nnajua kupika. Walinitazama mwili wakaridhika.

Siku ya kwanza Bwana Khalfan alitukusanya akasema wazi: "Hapa tunajaribiwa. Wakubwa watakuja kutazama. Wakiona panafaa, watajenga skuli hasa, na nyingine kila mji. Wakiona fujo, banda linarudi kuwa ghala."

Nassor akanifuata jikoni. "Dada, wakilifunga hili, mie napanda meli ya Kuwait. Usije ukalia."

Mnaona basi.

Sasa fujo yenyewe. Vijana walikuwa makundi mawili. Wetu waliotoka Unguja, na wale walioshuka kutoka milimani. Wote Waomani, dini moja, wengine hata kabila moja. Lakini wale wakisema, "Hawa Waarabu gani, Kiarabu hawakijui?" Na wetu wakijibu, kwa Kiswahili ili wasielewe, "Wanaogopa swichi kama nyoka." Na wale wakielewa. Tusi halitaki mkalimani.

Mie kwa furaha yangu siku ile ya kwanza nilitafuta nazi za Dhofar, kusini huko, nikapika wali wa nazi, mweupe, unang'aa. Nikaupakua.

Vijana wa milimani wakautazama. Mkubwa wao aliitwa Zahran, mrefu, ndevu ndo kwanza zinaanza. Akaniuliza kwa Kiarabu, kwa adabu kabisa, akiniita mama mdogo:

"Ya khala, nani amezaa?"

Kwao, wali mweupe wenye maziwa, na tui langu waliliona maziwa, hupewa mwanamke aliyejifungua. Mwanamume mzima kupakuliwa wali huo ni kama kuvishwa kanga. Wetu wakacheka mpaka wakapaliwa. Wale wakasimama wote, wakatoka nje, wakala tende zao walizokuja nazo.

Siku ya pili nikapika kama wanavyopika wao, na ndimu kavu nyingi. Wetu wakaonja. Nassor, ndugu yangu wa tumbo moja, akanambia, "Dada Zuwena, leo umepika sabuni?"

Nilimpiga na mwiko. Mpaka leo anasema bega linamuuma kukija baridi. Muongo, Maskati hamna baridi.

Kazi nayo ikaharibika. Kazi ya kwanza ya mafundi umeme ilikuwa kutia feni kwenye banda lile lile, maana joto la mabati ya Matrah, aliyelionja ndiye anayelijua. Wetu wakavuta waya kutoka kwenye mashine ya umeme nje mpaka ukutani. Wa milimani wakavuta wao kutoka kwenye feni mpaka ukutani. Waya zikafika, zikatazamana, baina yao pengo la urefu wa mkono. Hakuna wa kwenda kuziunganisha. Kila kundi linasema, "Sisi upande wetu tumeshamaliza."

Wallahi, zilikaa hivyo. Feni limening'inia juu limekufa, na chini watu wazima wanachuruzika jasho wamenuniana.

Bwana Khalfan akaja jikoni anapepea kwa kofia yake.

"Bi Zuwena, pika vyungu viwili. Kila watu na chao. Tupate amani kabla wakubwa hawajaja."

Nikamwambia: "Chungu ni kimoja. Viwili sipiki, na asiyetaka alale na njaa."

"Ntatafuta mpishi mwengine."

"Mtafute. Mwiko huu hapa."

Akautazama mwiko, akanitazama mie, akaondoka. Nilikuwa nimeshaona zile waya. Nikiwagawia na chungu, watataka na milango miwili, na mashine mbili, halafu Nassor wangu yuko Kuwait.

Lakini kukataa ni mdomo tu. Watu lazima wale. Nikarudi nyumbani nimeinama, nikamweleza mama. Mama hata hakuinua kichwa, alikuwa anachambua mchele.

"We mjinga," akasema. "Papa tuliyekuwa tukimla Unguja akitoka wapi?"

Nikakaa chini. Akitoka huku huku! Majahazi yalikuwa yakimleta kutoka pwani hizi miaka na miaka, amekaushwa, sisi tunamtia nazi tunajiona ndio wenyewe. Na kule milimani humla, tena humpenda, hupandishwa kwa punda.

Asubuhi nikapata papa wa Yiti, kijiji cha wavuvi hapo jirani, mkavu kama kiatu. Nikamroweka, nikamchambua, nikamtia nazi yetu na ndimu kavu zao, bizari, pilipili. Harufu ikatoka jikoni ikaingia bandani. Nyundo zikanyamaza moja moja.

Na kupakua nikabadilisha. Sikupakua kwa kundi, nilipakua kwa meza ya kazi. Mafundi mbao sinia yao, mabomba sinia yao, umeme sinia yao. Nikasimama mlangoni na kanga nimejifunga kiunoni: "Meza isiyokaa yote, sinia inarudi jikoni!"

Nassor na Zahran meza moja. Wakakaa mkekani, huyu kageukia mashariki, huyu magharibi, mikono tu ndiyo iliyokutana. Zahran akatia tonge. Akatia la pili, la tatu, akaanza kuvuta papa wa upande wa Nassor.

Nassor akamtazama. Akakusanya Kiarabu chake chote, akamuuliza:

"Nani amezaa?"

Nikashika mwiko vizuri.

Zahran akameza, akasema, "Mimi. Niongezeni."

Wakuu, kicheko kile! Bwana Khalfan alikuja mbio akidhani watu wanapigana. Akakuta Zahran analishwa na vijana wa Unguja kama mzazi kweli, huyu anampa tonge, huyu anampepea.

Walivyonawa mikono, Zahran akapanda ngazi, Nassor akaishika. Wakaziunganisha waya. Mashine ikapigwa. Feni likakoroma kidogo, likazunguka. Nilitoa kigelegele mwanamke peke yangu, na vijana wakanipokea.

Wakubwa walikuja mchana wa siku chache baadaye. Wakakuta vijana wamezunguka sinia, upepo juu yao. Mmoja akauliza hawa ni wa wapi na wale ni wa wapi. Bwana Khalfan akajibu, "Hii ni meza ya umeme, ile ya mbao, ile ya mabomba." Mkubwa akavua viatu, akakaa meza ya umeme, akala.

Banda halikurudi kuwa ghala. Skuli ikajengwa, ya mawe. Nassor hakupanda meli. Alitia taa nyumba nyingi za mji huu, kisha akawa mwalimu, anawapigia vijana makelele mpaka alipostaafu.

Na Zahran? Ndiye babu wa wajukuu zangu. Nilipozaa wa kwanza aliingia jikoni mwenyewe, akanipikia wali mweupe. Aliuunguza. Niliula wote, kama lile nanasi.

Nililojifunza nnalisema kwa kujivuna. Kijana mpe koleo na nyundo, ni vizuri. Lakini mtazame anakula na nani. Anayekula naye ndiye atakayemshikia ngazi.

Nanyi semeni, mlijifunzia wapi kazi, na mpishi wenu alikuwa nani? Andikeni, nnasoma yote, mjukuu kanikuzia maandishi.

Huyo mjukuu, Talib, ana gereji mtaa wa Ghala, anafundisha vijana ufundi, wa hapa na wa kutoka bara. Alhamisi anawafanyia karamu. Jana kaja: "Bibi, wa hapa wapikie biriani, wakae ndani. Wa bara wapikie ugali wao, wakae nje, watakuwa huru zaidi."

Nikauweka mwiko mezani, nikamwambia:

"Chungu ni kimoja. Viwili sipiki, na asiyetaka alale na njaa."