Amisa na Mbuzi wa Nne

Amisa binti Ilyasi hakuwa mwepesi wa kusamehe, wala hakuona haya kusema hivyo. Mjini Muyinga, alikotengeneza redio na tele katika kibanda kando ya soko, watu walijua kwamba redio ikipita mikononi mwake haiharibiki tena upesi, na mteja akimletea jeuri harudi tena.

Ufundi aliupata kwa baba yake, mzee Ilyasi, katika nyumba yao ya Musinzira, Gitega. Chumba cha mbele kilikuwa karakana. Mwaka wa tisini na mbili mzee alileta mashine ya michezo kutoka Bujumbura, akaiunga kwenye tele iliyokuwa inasubiri mwenyewe, na mtaa mzima ukahamia kwake. Mchezo wenyewe ulikuwa wa mbuzi mweupe anayeruka mwamba hadi mwamba, akikwepa tai, akipanda kuelekea lango lililo kileleni. Zilikuwepo kaseti nne, kila moja ngumu kuliko iliyoitangulia. Watu waliziita Mbuzi wa Kwanza, wa Pili, wa Tatu na wa Nne.

Huyo wa Nne aliwatoa watu jasho. Aliyemmaliza ni Amisa peke yake, akiwa na miaka kumi na saba, adhuhuri moja ya Septemba tisini na tatu, baba yake akiwa amesimama nyuma yake na chuma cha kuchomelea mkononi. Houssein, kijana aliyekuwa akijifunza ufundi kwa mzee, aliporudi kutoka sokoni na kuelezwa, aliangua kicheko.

"Na nyuma ya lango uliona nini?"

"Majani. Mbuzi anainama, anakula majani."

"Majani! Umeota, we. Watu watengeneze mchezo mzima juu ya majani?"

Mwezi uliofuata nchi iliwaka vita. Ilyasi aliwakimbiza mkewe Salima na binti yao hadi Muyinga kwa ndugu zake, naye akawafuata wiki mbili baadaye, ufunguo wa karakana akiwa amemwachia Houssein. Barabara zilifungwa, zikafunguliwa, zikafungwa tena. Barua za mzee hazikujibiwa hata moja. Alifariki mwaka wa tisini na saba akisema bado kwamba Houssein ni kijana mwaminifu, huenda barua zinapotea njiani. Amisa alimwitikia kwa heshima ya mgonjwa, lakini moyoni hakuamini neno. Mara tatu alitaka kwenda kujionea, na mara tatu mama yake alimzuia mlangoni. "Nyumba inajengwa tena," Salima alimwambia. "Shingo haijengwi."

Basi miaka kumi na moja ilipita hivyo, hadi siku moja ya mwaka elfu mbili na nne alipokuja Baguma, mfanyabiashara wa Uvira aliyekuwa akimletea vipuri.

"Dada Amisa, we unapendaka michezo ya zamani, si ndiyo? Kule Gitega iko salon moja ya michezo, Musinzira. Wako na disiki mpya, mbuzi zote ine ziko ndani! Wenye kutengeneza wamezitoa tena, anniversaire, mchezo umetimiza miaka kumi na tano. Mais patron wa pale, ana majivuno! Anasemaka Burundi nzima ni yeye tu alimalizaka mbuzi ya ine, tangu mbele ya vita. Anaita watu wakuje kumujaribu."

"Patron anaitwa nani?"

"Houssein."

Amisa aliweka bisibisi chini. Asubuhi ya pili, kabla mama yake hajaamka, alipanda lori la maharage kupitia Karuzi. Kwenye kila kizuizi askari walimuuliza anakokwenda, naye akajibu, "Kucheza," wakadhani anawakejeli.

Nyumba aliitambua kabla ya kufika. Ukuta ulikuwa umepakwa rangi ya buluu, lakini mlango ulikuwa uleule aliouchonga babu yake. Ndani vijana na watu wazima walibanana kwenye mabenchi. Rafu za baba yake zilikuwa bado ukutani, zimepangwa chupa za soda. Houssein alikaa kwenye kiti cha mkono, amenenepa, ana ndevu. Alimtazama mwanamke yule wa mtandio mweusi, asimtambue.

"Mama, unatafuta mtu?"

"Nataka Mbuzi wa Nne."

Watu walicheka. Houssein naye alicheka, akampa maneti, kidude cha kuchezea, kama anayempa mtoto kijiko.

Picha ilitokea kwenye tele mbele ya Amisa. Ilikuwa kama kukutana na rafiki wa zamani aliyebandikwa meno mapya. Miamba ilimetameta, anga ilikuwa na mawingu yanayotembea, na ule mlio mkavu uliokuwa ukimfuata mbuzi kila anaporuka ulikuwa umefunikwa na zeze. Vidole vyake vilikumbuka njia, lakini mashine ile ya zamani ilikuwa inachoka tai wakizidi, kila kitu kikienda polepole, na vidole vilikuwa vimejifunza uchovu huo. Hii mpya haikuchoka. Tai walimshukia mara moja, mbuzi akaanguka. Akaanguka tena.

"Bonyeza hicho kitufe cha pembeni," Houssein alisema. "Kinakurudisha kabla ya kuanguka. Hapa wote wanakitumia."

"Kwangu ni cha waoga."

Houssein aliketi wima. "We umekuja kucheza ao umekuja kutukana watu?"

"Nimekuja kuuliza. We si ulimmaliza huyu tangu mbele ya vita? Nyuma ya lango kuna nini?"

"Kuna malkia. Anamvisha mbuzi taji."

Amisa alianza upya, safari hii akiruka mapema, kabla tai hawajajikusanya. Mtu aliyesimama mlangoni aliita wenzake. Amisa alipita daraja la barafu, akapita pango, akafika ngazi ya mwisho, ambapo hakuna mtu wa chumba kile aliyewahi kufika, kwa kitufe wala bila kitufe. Lango lilitokea kwenye ukingo wa tele.

"Ni majani," alisema bila kugeuka. "Mbuzi anakula majani, basi."

Houssein alishtuka. Mtu mmoja tu aliwahi kumwambia maneno hayo. Aliruka kitini, akachomoa waya ukutani. Tele ikafa mbuzi akiwa hewani.

Watu walizomea. "Toka kwangu!" Houssein alifoka.

"Kwako?" Amisa alisimama. "Ukuta huu nani aliujenga, mwizi we? Baba yangu amekufa akikusifu!"

Kelele zilimleta Fatouma, mjane aliyeuza makaa nyumba ya pili. Alisukuma watu, akamshika Amisa kidevu, akamgeuzia uso kwenye mwanga.

"Yarabi! Binti wa Ilyasi!" Kisha akamgeukia Houssein. "We si ulituapia kwamba wote walikufa njiani? Tuliwasomea hitma hapa, na nyama ya mbuzi ukala!"

Houssein aliokota waya, akaanza kuukunja.

Bashingantahe, wazee waamuzi wa mtaa, walikaa mara tatu kusikiliza shauri lile. Houssein alidai mzee alimpa nyumba kwa mdomo, akaleta shahidi, shahidi akashindwa kutaja hata jina la mke wa mzee. Salima alikuja kutoka Muyinga na karatasi ya kiwanja aliyokuwa ameishonea ndani ya godoro. Nyumba ikarudi kwao. Houssein alipewa siku saba, akaondoka siku ya saba jioni, akaacha choo kimezibwa kwa mawe.

Hakwenda mbali. Alipanga chumba ng'ambo ya barabara, akafungua salon nyingine. Amisa alihamishia ufundi wake Musinzira. Baguma alimwazima mashine na disiki kama ile, na alasiri moja Amisa akampandisha Mbuzi wa Nne hadi juu. Majani yalikuwepo, ya kijani kibichi mno, yakitikiswa na upepo. Aliyatazama kidogo, akazima, akarudisha disiki kwenye kasha.

Na Houssein? Miezi ilipita, na hawakusalimiana. Akifungulia muziki, Amisa alifungulia redio nne kwa pamoja. Siku ya Idi Houssein alituma sahani ya pilau, imefunikwa vizuri, na salamu kwa mama. Salima alinyoosha mkono kuipokea. Amisa aliichukua kabla yake, akavuka barabara, akaiweka kizingitini kwa Houssein bila kufunua kawa, akarudi kazini.